Nusu Tangi

Kijumba kimesimama uani kwa miguu minne ya chuma,
myembamba kama ya korongo, tangu Oktoba.
Mvua ya Hawick imekipiga ubavu huu,
ikazunguka, ikakipiga ubavu ule,
nacho hakikuuliza gari lake li wapi.

Leo nimeshika spana.
Kwanza mlango wa nyuma wa pikapu. Nati mbili, kamba mbili,
kisha unauinua kwa pembe aliyoijua Mbaruku peke yake.
Niliuvuta, nikausukuma, nikautukana,
hadi Wattie Turnbull akavuka barabara na ndara zake,
akaugonga kwa kiganja mara moja. Ukatoka.
"Kilo ishirini na tano hizo," akasema. "Umeshazichuma."
Haya Wattie. Haba na haba.

Mkeka wa raba nimeukata kwa kisu cha mkate
(kisu cha zulia sikioni,
na anayejua kilipo hasemi).
Chuma juu ya chuma huteleza, raba hung'ang'ania.
Pete nne za kufungia nimezikaza hadi kwenye chesisi,
maana bati la bodi ni nguo tu,
na ng'ombe hafungwi kwenye nguo.
Waya nikaunganisha kama mchoro unavyosema:
taa ya kushoto ikawaka kulia.
Nikafungua. Nikaunganisha tena. Chai ikapoa.

Kati ya springi na chesisi, mipira miwili ya hewa.
Nikaijaza kwa pampu ya mguu, pumzi kwa pumzi,
gari likainua makalio, likashusha pua
kama linalosujudu.

Daftari lake bado liko mbele ya usukani,
penseli ya seremala, namba zimesimama wima:

*Gari linabeba 1,000.*
*Kijumba kitupu 690.*
*Betri na gesi 38.*
*Vyombo 31.*
*Kinu cha Mwanaidi (usibishane naye) 9.*
*Matandiko 14.*
*Mimi 88.*
*Mwanaidi 66.*
*Maji: NUSU TANGI.*

Chini ya nusu kapiga mistari miwili,
wa pili umetoboa karatasi.
Tuligombana kwa ajili ya nusu hiyo.
Mimi nataka kuoga, yeye anataka ekseli.

Nikarudi kinyumenyume chini ya kijumba,
vidole viwili vya nafasi kila upande.
Wattie kwenye kioo, mikono juu kama anayefukuza kondoo:
kulia, kulia, la, kulia *kwangu*, mama!
Kisha jeki, mguu mmoja baada ya mwingine,
robo zamu, robo zamu,
hadi gari likashusha pumzi na kuupokea mzigo.

Kwa muuza chakula cha mifugo kuna mizani ya magari.
Nikapanda juu yake na kila kitu,
kinu, matandiko, nusu tangi ya maji, mimi.
Binti wa dirishani akang'oa karatasi, hakunitazama:
"Bado una nafasi. Kilo tisini na mbili."

Nikaisoma nikiwa nimesimama mvuani.
Nikaisoma tena ndani ya gari.
Wahenga husema mzigo wa mwenzio kanda la usufi.
Hawakukubeba ngazini wao,
wala hawakuulizwa na mizani ulikokwenda.

Nyumbani nikachomeka mpira wa bomba.
Maji yakaingia yakiongea.
Robo. Kisha alama yako nyekundu ya nusu,
uliyoichora mwenyewe kwa rangi ya kucha zangu.
Nikasubiri.
Wattie, kwenye kizingiti chake, akajifanya anatazama mawingu.

Sikuifuta themanini na nane.
Niliacha bomba wazi tu,
hadi tangi likajaa, likafurika,
likanilowesha viatu vyote viwili.